Makhan Singh: Mtetezi wa wafanyakazi aliyezuiliwa miaka 11

KILA tarehe mosi Mei, wafanyakazi nchini Kenya hukusanyika kuadhimisha Leba Dei. Viongozi wa vyama hutoa hotuba, wawakilishi wa waajiri husikilizwa, na macho yote huelekezwa kwa serikali kusubiri iwapo kima cha chini cha mshahara kitaongezwa. Si wengi katika umati huo wanaokumbuka kwamba ilikuwa tarehe iyo hiyo, mnamo 1949, ambapo Makhan Singh na wenzake waliunda mjini Nairobi muungano wa vyama uliowaweka wafanyakazi Waafrika na Wahindi chini ya uongozi mmoja.

Mwaka mmoja na mwezi mmoja baadaye, mtu huyo alikuwa njiani akipelekwa Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Hakuonekana tena akitembea huru mitaani Nairobi hadi 1961.

Maisha yake yanafaa kusomwa upya na yeyote anayetaka kuelewa misingi ya sheria za kazi nchini. Karibu kila haki ambayo mfanyakazi wa leo huiona kama kifungu tu kwenye kitabu cha sheria, iwe ni kujiunga na chama, kujadiliana na mwajiri kwa pamoja au kugoma, iliwahi kuwa jambo la kumpeleka mtu kizimbani.

Kijana wa matbaa

Makhan Singh alizaliwa Desemba 27, 1913 katika kijiji cha Gharjakh, eneo la Gujranwala, jimbo la Punjab. Wakati huo eneo hilo lilikuwa sehemu ya India iliyotawaliwa na Waingereza. Leo hii limo nchini Pakistan. Baba yake, Sudh Singh, alitangulia kuja Kenya mnamo 1920 na kuajiriwa kazi ya ufundi katika reli. Mwanawe alimfuata 1927 akiwa na umri wa miaka 13.

Alisomea Nairobi katika shule ya serikali ya watoto wa Kihindi, ambayo sasa ni Shule ya Upili ya Jamhuri. Alikuwa mwanafunzi hodari, na mnamo 1931 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha London. Hata hivyo, hakwenda kuendelea na masomo ng'ambo. Baba yake alikuwa ameacha kazi ya reli na kuanzisha matbaa, na kijana huyo akajiunga naye kupanga herufi na kupiga chapa.

Kazi hiyo ilimfaa kuliko alivyotarajia. Mtu aliyekuwa na mashine ya kuchapisha, na ambaye alijua lugha kadhaa, alikuwa na silaha ambayo mafundi na vibarua wengi hawakuwa nayo. Vikaratasi vya kuwaita wafanyakazi mikutanoni vilitoka mikononi mwake kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo.

Sheria ya bwana na mtumishi

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya, ni lazima kwanza tuelewe sheria aliyoikuta. Tangu 1906, uhusiano wa kikazi nchini ulikuwa umesimamishwa juu ya sheria ya mabwana na watumishi. Sheria hiyo ilimtazama mfanyakazi kama mtu wa kuamrishwa. Kuiacha kazi kabla ya muda kuisha, kuzembea au kumkosea mwajiri adabu, mambo ambayo leo yangeamuliwa kwa barua ya onyo au kwa kuachishwa kazi, yangeweza kumtia mfanyakazi faini au kifungo jela.

Juu ya hayo kukawa na kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na cheti hicho, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Humo mliandikwa jina la mwajiri na mshahara, na mfanyakazi hangeweza kuajiriwa kwingine kabla mwajiri wa awali kutia sahihi kwamba amemwachilia.

Huo ndio uliokuwa mkataba wa kazi kwa Waafrika walio wengi: karatasi iliyombana mfanyakazi peke yake. Wafanyakazi Wahindi hawakubeba kipande na walilipwa zaidi, lakini nao walifanyishwa kazi kwa saa nyingi na kufutwa bila maelezo. Mfumo huo uliwatenganisha watu wa tabaka moja kwa rangi ya ngozi, na mgawanyiko huo ukawa faida kwa waajiri.

Chama kisichobagua

Mnamo Machi 1935, Makhan Singh alichaguliwa katibu wa chama kidogo cha wafanyakazi Wahindi mjini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 21. Jambo la kwanza kubwa alilolisukuma ni kubadilishwa kwa jina na katiba ya chama hicho, kikawa chama cha wafanyakazi wa Kenya kilichofungulia milango watu wa kila rangi. Baadaye, 1937, kilijitanua kuwa cha Afrika Mashariki nzima.

Hatua hiyo ilikuwa na hesabu ya wazi. Iwapo fundi Mhindi angegoma na Mwafrika akachukua nafasi yake kwa malipo duni, wote wawili wangepoteza. Singh alifahamu kwamba mshahara wa aliye chini kabisa ndio unaoshikilia mshahara wa aliye juu yake.

Mtihani wa kwanza ulikuja Aprili 1937. Chama kilidai nyongeza ya mishahara, waajiri wakakataa, na mafundi wa Nairobi wakaweka chini vifaa vyao. Mgomo huo uliendelea kwa siku 62. Ulipomalizika, waajiri walikuwa wamekubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 15 na 22.

Serikali ya kikoloni ilitambua kuwa vyama vya wafanyakazi havingezuilika kwa kupuuzwa. Mwaka huohuo wa 1937 ikapitisha sheria ya kwanza ya vyama vya wafanyakazi. Kwa upande mmoja, sheria hiyo ilikubali kwamba chama kinaweza kuwepo. Kwa upande wa pili, ilikilazimu kila chama kusajiliwa, na ikampa msajili uwezo wa kukataa ombi.

Chama cha Singh kilisajiliwa. Hapo akapata funzo lililomfuata maisha yake yote: usajili ni mlango, na anayeshika ufunguo wa mlango huo anaweza kuufunga wakati wowote apendapo.

Mnamo Julai 1939, chama hicho kiliwachagua Waafrika katika kamati yake kuu, miongoni mwao Jesse Kariuki na George Ndegwa, waliojulikana kwa harakati za kisiasa za Wakikuyu. Hilo liliwatia hofu watawala kuliko madai ya mishahara.

Kizuizini India, kisha kurejea

Desemba 1939 Singh alisafiri kwenda India. Mei 1940 alikamatwa na serikali ya Uingereza huko kwa sababu ya harakati zake na kuzuiliwa bila kufunguliwa kesi. Alipotolewa kizuizini alipigwa marufuku kutoka kijijini kwao, na marufuku hayo yakaondolewa tu mwaka wa 1945. Baadaye alifanya kazi katika gazeti la chama cha kikomunisti cha Punjab.

Alirejea Kenya Agosti 1947 na kuikuta nchi iliyobadilika. Mwezi Januari mwaka huo, maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wamegoma, na kiongozi aliyechomoza, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti hiyohiyo na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Walioona haraka ambayo Kibachia aliondolewa nayo walijua yaliyokuwa yakimsubiri yeyote ambaye angechukua nafasi yake.

Serikali haikuchelewa. Ilimwambia Singh kwamba hakuwa na haki ya kuishi Kenya na kumtaka aondoke. Alikataa, akashikilia kuwa yeye alikuwa mkazi halali wa nchi aliyolelewa, na kuipeleka hoja hiyo mbele ya mahakama. Alibaki.

Mei Mosi 1949

Kufikia 1949 kulikuwa na vyama kadhaa, vya madereva wa teksi, washonaji nguo, wapiga chapa na wengineo, kila kimoja kikijikokota peke yake. Mei 1, 1949 vilijiunga na kuunda muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika Mashariki. Fred Kubai alichaguliwa rais, naye Makhan Singh akawa katibu mkuu.

Muungano uliomba kusajiliwa jinsi sheria ilivyoagiza. Msajili alikataa. Kwa kukataliwa huko, kila kikao walichoketi na kila barua waliyoandika kwa jina la muungano iliweza kugeuzwa ushahidi wa kosa. Serikali haikuhitaji kuwathibitisha kuwa wachochezi. Ilitosha kwamba walikuwa maafisa wa chama kisichosajiliwa.

Wao hawakurudi nyuma. Machi 1950, Nairobi ilipopandishwa hadhi kuwa jiji, muungano uliwataka wafanyakazi wasusie sherehe hizo, kwani wakazi walio wengi wa mji huo hawakuwa na makao bora wala mshahara wa kuwatosha. Kisha, Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Singh alisimama mbele ya mkutano wa pamoja wa viongozi wa Waafrika na Wahindi na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati huo wanasiasa wengi walikuwa bado wakiomba viti zaidi katika baraza la kutunga sheria.

Mei 15, 1950 yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake Nairobi ilisimama. Wafanyakazi walidai viongozi wao waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe Sh100 kwa mwezi. Serikali ilituma polisi na wanajeshi waliokuwa na magari ya kivita na vitoa machozi, na watu wengi wakatiwa mbaroni. Mgomo huo ulienea hadi miji mingine na kudumu zaidi ya wiki moja.

Adhabu isiyo na tarehe ya mwisho

Faini peke yake isingetosha kumnyamazisha. Serikali ilitumia sheria ya kuwafurusha wasiotakiwa nchini, na shauri likasikizwa Nyeri mbele ya Jaji Ransley Thacker, yule yule ambaye baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Alipoulizwa msimamo wake, Singh hakujificha. Alikiri kuwa alikuwa mkomunisti na kusema kwamba hakuitambua serikali ya Uingereza kuwa serikali halali ya Kenya.

Kufuatia shauri hilo, gavana aliamuru azuiliwe Lokitaung kuanzia Juni 1950. Baadaye alihamishiwa Maralal, na kisha Dol Dol. Mfungwa wa kawaida huhesabu siku akijua lini atatoka. Amri iliyomshika Singh haikuwa na tarehe ya mwisho. Mkewe, Satwant Kaur, alibaki na mzigo wa kulea watoto wao watatu.

Alikuwa kizuizini hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Alikuwa humo Kenyatta alipofungwa Lokitaung, na Tom Mboya alipoibuka kuwa sauti mpya ya wafanyakazi. Aliachiliwa Oktoba 1961, miezi miwili baada ya Kenyatta, akiwa amezuiliwa kwa zaidi ya miaka 11. Miongoni mwa wapigania uhuru wa Kenya, ni wachache waliozuiliwa muda mrefu kiasi hicho.

Uhuru bila wadhifa

Wengi walidhani kwamba serikali ya wananchi ingemtunukia nafasi mtu aliyejitolea hivyo. Haikuwa hivyo. Alijiunga na KANU, lakini hakupewa wadhifa serikalini, na katika vyama vya wafanyakazi palikuwa na viongozi wapya waliokuwa na mielekeo tofauti na ukomunisti wake.

Mambo yalikuwa yakibadilika pasipo yeye. Mnamo 1962, Mboya akiwa Waziri wa Leba, serikali, waajiri na wafanyakazi walitia sahihi mkataba wa mahusiano ya viwandani, uliokubali kwamba migogoro itatuliwe mezani kwanza. Mahakama ya migogoro ya viwanda ilianzishwa 1964, nao muungano wa COTU ukaundwa 1965.

Singh aligeukia kalamu. Alikuwa amehifadhi kumbukumbu za mikutano, vikaratasi na barua kwa uangalifu mkubwa, na kutokana nazo akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi nchini hadi 1952, iliyochapishwa 1969. Kitabu chake cha pili kilitoka 1980, yeye akiwa ameshaaga dunia. Alifariki Mei 18, 1973 jijini Nairobi kutokana na ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 59. Hati zake zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Haki hizo leo

Tuangalie sasa mambo aliyoyapigania yalivyo sheriani. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, mazingira mazuri ya kazi, kuunda au kujiunga na chama, na kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 bado inavitaka vyama visajiliwe, na msajili bado anaweza kukataa ombi. Tofauti ni kwamba aliyekataliwa ana siku 30 za kukata rufaa mahakamani. Singh na Kubai wangeipata nafasi hiyo, huenda mwaka wa 1950 ungeandikwa vingine.

Chama kilichosajiliwa na kuandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri hana budi kukitambua na kujadiliana nacho. Mgomo nao si kosa la jinai, ila una masharti: mzozo uwe umepitia upatanishi na kushindikana, na mwajiri apewe ilani ya maandishi ya siku saba. Anayegoma kwa kufuata sheria hawezi kufutwa kwa sababu hiyo, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa kwa siku ambazo hakufanya kazi.

Kuhusu mkataba, Sheria ya Ajira ya 2007 imeugeuza mzigo wa kipande. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni lazima uandikwe, na ni jukumu la mwajiri kuuandika. Kukizuka kesi na mwajiri asiweze kuutoa, yeye ndiye anayetakiwa kukanusha yale ambayo mfanyakazi anadai yalikuwa masharti ya kazi. Kibarua wa siku ambaye amefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Mwajiriwa wa mwezi hustahili notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi. Iwapo anatuhumiwa kwa utovu wa nidhamu au utendakazi duni, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa pamoja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua. Uanachama katika chama cha wafanyakazi hauwezi kuwa sababu halali ya kumfuta mtu kazi.

Aliyeachishwa kinyume cha sheria anaweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina uwezo wa kuamuru alipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Lakini sharti afanye hivyo kabla ya miaka mitatu kupita. Wengi hupoteza haki yao hapa, si kwa sababu sheria haiwatetei, bali kwa kuwa waliijua ikiwa imechelewa.

Makhan Singh hakuwa wakili. Alikuwa mpiga chapa aliyeisoma sheria ya watawala wake neno kwa neno, akaandika maombi, akajaza fomu, akasimama mahakamani na kuwaeleza vibarua kwa lugha yao kile kilichoandikwa. Kazi hiyo ya kueleza bado inahitajika. Katika mashamba, viwandani, majumbani na kwenye maeneo ya ujenzi wamo wanaoajiriwa bila barua, wanaofutwa bila kusikizwa, na wasiojua kwamba kuna ofisi ya leba inayopaswa kupokea malalamishi yao.

Kwa hivyo, Leba Dei ijayo, kabla ya kusubiri tangazo la nyongeza ya mshahara, ingefaa kila mfanyakazi ajiulize iwapo ana mkataba wake kwa maandishi, iwapo chama chake kimetambuliwa na mwajiri, na iwapo anajua aende wapi akidhulumiwa. Hayo ndiyo maswali ambayo Makhan Singh aliwafundisha wafanyakazi wa Nairobi kuyauliza, wakati ambapo kuyauliza kulimgharimu mtu miaka 11 ya maisha yake.